Hatuokoti, Tunachagua

Juzi mjukuu wangu wa kike alisimama katikati ya chumba changu hapa Mafiga, akainua uso, akaitazama kandili inayoning'inia juu ya kitanda, akaniuliza niliiokota wapi. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Alitaka kunitilia globu ndani yake iwake kwa umeme, nisiwe napapasa. Lakini nilimfokea mpaka akarudi nyuma akagonga ukuta, na mchana kutwa hakunisemesha. Mama yake akaja kuuliza kulikoni, nikamwambia atoke. Halafu sikuweza kutulia. Nikatoka uani, nikarudi, nikafua kanga iliyokuwa safi, nikaianua kabla haijakauka.

Ndivyo nilivyo, tangu ujana wangu. Mama alikuwa akisema kwamba aliponizaa alisahau kunitia kitako. Basi naandika, maana mkono wangu ukiwa na kazi kichwa hupoa kidogo, na huyo mtoto aje asome mwenyewe kwa nini neno dogo vile lilinitoa povu.

Kandili hiyo ni urithi kutoka kwa mjomba wangu. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kaka yake mama ndiye mwenye kauli juu yako: akuoze, akutetee, akusute, na akifa vyake vinakuja kwenu watoto wa dada yake. Baba ni mtu wa kupendwa tu. Nilipoachika kule upande wa Mkuyuni, na kusema kweli nilijiachisha mwenyewe kwa kuwa mume alitaka mke wa kukaa, sikurudi kwa baba. Nilipelekwa kwa mjomba. Akanitazama miguu yenye vumbi, akasema hana mgunda wa kulima na kumfunga kiguu na njia kama mimi, basi kesho yake nijitwike mzigo twende Morogoro. Nilikuwa mwanamke mzima, nimezaa na kuzika, lakini nilifurahi kama niliyeitwa ngomani.

Mzigo wenyewe ulikuwa ulanga. Kwa asiyeujua, ni jiwe ambalo halina tabia ya jiwe. Linachimbwa milimani kwetu, linang'aa kama gamba la samaki, na bonge lake tuliliita kitabu, kwa sababu ukilichokoa ukingoni kwa kisu chembamba linafunguka kurasa kwa kurasa. Ukurasa mmoja unapitisha mwanga, moto hauupasui, na ukiuangusha unauokota mzima. Tazama, nimeliandika hilo neno mwenyewe. Liache hapo hapo.

Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha kututawala, boma lao limesimama mjini, na kampuni yao moja ilikuwa na machimbo ya ulanga karibu na kwa mjomba. Walitaka kurasa safi, zisizo na kitu ndani, za kupelekwa kwao. Zenye madoa mekundu na meusi walizimwaga bondeni nyuma ya machimbo. Lilikuwa lundo kubwa kuliko nyumba, na jua likilipiga ulikuwa huwezi kulitazama. Mjomba alikuwa akichukua humo, mchana, watu wanamwona, hata wasimamizi wanamwona. Hakuna aliyemwuliza.

Mwenye kuupokea mzigo wetu mjini alikuwa fundi bati mmoja mzee, Mwislamu wa swala tano, mwenye kibanda karibu na mto. Kazi yake ya zamani ilikuwa kukata madebe ya mafuta ya taa, atengeneze koroboi, vikombe na mirija ya kumiminia. Kisha tajiri mmoja alitaka taa za kupamba harusi ya binti yake, vioo vikaagizwa pwani, vikafika vichwani mwa wapagazi vipande vipande. Mzee alikuwa ameshika kichwa. Mjomba alikuwa hapo kibandani akingojea sufuria yake izibwe, akafungua kitambaa kiunoni, akampa kitabu cha ulanga alichokuwa nacho kwa kuchezea tu. Harusi ikapata taa zake, na watu wakaacha kumtazama bibi harusi wakatazama juu. Huo ndio mwanzo wa karakana yetu, sina mwingine wa kuwapambia.

Tulikuwa watu watatu. Mzee alikata bati na shaba, akakunja, akalehemu. Mkewe, ambaye nilimwita bi mkubwa, alitoboa nakshi za kofia ya kandili kwa msumari na nyundo ndogo, tundu moja moja, macho yake karibu yaguse bati. Mimi nilifungua vitabu. Mkono wangu usiotulia ulikuwa na faida huko, kwa sababu ulanga haumtaki mwenye mkono mzito. Unauingia, unatetemesha kisu, unautoka kabla haujajua. Mzee aliponiona mara ya kwanza alimwambia mjomba kwamba mzigo autue na mpwa wake amwache.

Sasa madoa. Wadachi waliyaona uchafu, sisi tuliyaona ndiyo taa yenyewe. Taa ikiwaka nyuma yake, doa jekundu linakuwa wingu la jioni, na yale meusi yanatawanyika mithili ya majani ya msufi yaliyoanguka. Tuliyapa majina. Kulikuwa na mvua ya Bondwa, mlima wetu, ambayo ni mistari ya kushuka. Kulikuwa na mchanga, na njia ya siafu, na moja nililiita jina la mume wangu wa zamani kwa sababu lilikuwa doa kubwa lisilo na umbo. Bi mkubwa alicheka siku ile hadi akajitoboa kidole.

Kandili ilikuwa na pembe sita, kwa hiyo kurasa sita, nazo zilipaswa kukubaliana. Nilichukua ukurasa, nikaenda nao mlangoni, nikauinua juani, nikaugeuza, nikaurudisha, nikachukua mwingine. Kupata sita zinazopatana niliweza kumaliza asubuhi nzima, kwenda na kurudi, na hiyo kwenda na kurudi ndiyo iliyonifanya nidumu pale. Mahali pengine popote ningekuwa nimekwisha kutoroka.

Mzee alikuwa mpole kwa kila jambo ila moja. Hakutaka kusikia neno kuokota. Mteja akisema mnaokota wapi ulanga mzuri hivi, alikuwa anaweka nyundo chini. "Anayeokota ni kuku," alikuwa akisema, "hapa tunachagua." Mjomba naye alipofika na mzigo, mzee hakumsalimu kwa habari za safari, alimwuliza amechagua nini leo. Mjomba anacheka, anaketi, anafungua. Mimi nililidaka neno hilo kwa sababu lilinikweza. Mwanamke aliyeachika, wa mlimani, ambaye hata viatu hana, anachagua. Nililitembeza mji mzima, sokoni, mtoni, hata kwa masista wa misheni walionifundisha mpaka nikabatizwa.

Reli ilipofika mjini kazi ilitufurika. Wahindi walitaka kandili za barazani. Misheni ilitaka mbili za altare, na bi mkubwa, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, aliwatobolea misalaba midogo iliyonyooka kuliko ile ya seremala wao. Msikiti ulitaka nne. Tulihama kibanda mara mbili kwa ajili ya nafasi. Mimi niligombana na mzee mara nisizoweza kuhesabu, nikaacha kazi mara tatu, mara ya mwisho nikafika Bigwa na furushi kichwani, nikageuka kwa sababu niliikumbuka kandili niliyoiacha na kurasa tano.

Kisha akaja yule mama wa Kidachi, mke wa mwenye shamba moja la katani. Alikuwa amenunua kwetu kandili moja, akairudia ya pili, akawaandikia wenzake, nao wakataka. Alipenda madoa. Alikuwa akiingia kibandani kwa Kiswahili chake cha kupikia, anashika kila kitu, na kusema haki sikumchukia, alikuwa na macho. Siku moja alikuja na mwanamume wa kwao, mnene, mwenye kofia pana. Tukaambiwa ndiye msimamizi mpya wa machimbo ya ulanga. Mama yule alimwonyesha kandili iliyokuwa tayari, yenye mvua ya Bondwa pande zote sita. Yule mtu akaitazama, akagonga ukurasa mmoja kwa ukucha, akaangua kicheko. Akasema kwa Kiswahili kizuri tu kwamba huu ni uchafu wake, kwamba hawa watu wanaokota taka zake na kumwuzia mke wa rafiki yake.

Mzee alikuwa ameinamia lehemu. Hakuinua kichwa. Nilimwona akinyamaza, nikadhani amezeeka, amekuwa mwoga. Damu ikanipanda.

"Hatuokoti," nikasema. "Tunachagua. Mjomba wangu anachagua huko huko kwako, mimi nachagua tena hapa. Katika kumi hatutwai hata mmoja."

Bi mkubwa alinifinya pajani. Nilikuwa nimekwisha sema. Yule msimamizi aliacha kucheka, akaniangalia kwa adabu, ndiyo, kwa adabu, kama mtu anayeangalia mizani. Akaniuliza mjomba wangu ni wa kijiji gani. Na mimi, mpumbavu wa Mungu, nikamwambia, kwa sauti ya kujidai, nikidhani anataka kumheshimu. Walipotoka mzee aliweka chuma chake chini, akasema angekuwa mimi angekwenda milimani sasa hivi. Sikumwelewa. Nikamwuliza kwani kuna nini. Akasema, "Taka hazina mwenyewe, mwanangu. Kinachochaguliwa kina mwenyewe."

Nilitoka mbio. Nilipita Bigwa, nikapanda, nikashuka Kiroka, miguu ile ile waliyokuwa wakiicheka. Nilijitukana njia nzima. Lakini wao walikuwa na nyumbu na askari, na nilipofika nyumba ya mjomba nilimkuta mama peke yake amekaa mlangoni, ugali umeganda chunguni. Mjomba alikuwa amefungwa kamba mbele ya watu, akapelekwa bomani. Vitabu kumi na kitu alivyokuwa amevipanga nyuma ya nyumba vimebebwa. Mama hakunilaumu, kwa sababu alikuwa hajajua kwamba ni mimi. Nikamwambia. Akasema nirudi mjini kwa miguu hiyo hiyo nikamtoe kaka yake.

Shauri lilisikilizwa bomani asubuhi. Hakimu alikuwa Mdachi mwembamba, mwenye subira, na Kiswahili alikijua kuliko wengi wetu. Mjomba alisimama kati ya askari wawili. Mbele ya hakimu, juu ya meza, walikuwa wamemwaga ule ulanga wake, vitabu vimefumuka kurasa kurasa. Msimamizi alisema wizi wa mali ya kampuni. Mjomba aliulizwa. Nilikuwa namwomba Mungu moyoni aseme lile ninalolitaka mimi, akalisema.

"Ni takataka, bwana. Niliokota tu."

Alilisema polepole, macho yake chini. Roho yangu ikashuka. Nikajua sasa kazi yangu ni moja tu, kumfuata. Nilipoitwa nikaapa kwa msalaba, nikasema siku ile nilijisifu, mdomo wangu hauna breki, watu wote wananijua, lakini ule ni uchafu tu na mjomba aliuokota njiani. Nilidanganya vizuri sana. Hata askari mmoja alitabasamu. Hakimu akaandika, akaweka kalamu, na nadhani alitaka kutuachia, kwa sababu alichosema hakukisema kwa ukali.

"Vizuri. Kama ni takataka, chukua kurasa tano zozote uende nazo, na mjomba wako aende zake nyumbani."

Mungu wangu. Tano tu. Nilikwenda mezani. Dirisha lilikuwa mkono wa kushoto, jua linaingia. Nilikuwa nafikiria furaha ya mama, nilikuwa nafikiria njia ya Kiroka, na mkono ukaenda wenyewe. Ulichukua ukurasa wa kwanza, ukauinua dirishani, ukaugeuza. Ulikuwa na ufa. Ukaurudisha. Ukachukua wa pili, mchanga mzuri, ukauweka kando. Ukachukua wa tatu, ukauinua, ukaulinganisha na ule wa pili, haukupatana nao, ukaurudisha. Hapo ndipo nilipousikia ukimya wa kile chumba.

Niligeuka. Msimamizi alikuwa amekunja mikono. Hakimu alikuwa ananitazama mkono, na ukurasa wa nne ulikuwa ndani ya mkono huo, juu, kwenye mwanga. Mjomba alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza. Akaniangalia, akaangalia ule ukurasa.

"Anachagua," akasema hakimu, na akaichukua kalamu yake.

Mjomba alipigwa fimbo khamsa ishirini, yaani ishirini na tano, siku ile ile, uwanjani, nami nikazihesabu, maana walinikataza kuondoka. Baada ya hapo akatiwa mnyororo miezi sita. Nilikuwa nikimwona barabarani na wenzake, shingo zimeunganishwa, wanabeba mawe ya barabara ya stesheni. Nilipita pale kila siku. Nilibeba uji, nilibeba viazi, askari wengine walipokea, wengine walimwaga. Nilimwamkia shikamoo mjomba kila siku, kwa sauti, na kila siku aligeuza uso kadiri mnyororo ulivyomruhusu. Hakuitikia hata mara moja. Kwetu mjomba asiyekuitikia ni sawa na kukuambia huna ukoo.

Kazini tuliruhusiwa kuendelea. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika. Kampuni ilitambua kwamba madoa yana wateja, ikaanza kuyauza, imekwisha kuyakata miraba sawasawa, ikayapanga katika makasha. Mzee alinunua, angefanya nini. Hapakuwa na kufungua vitabu tena. Nilipewa kurasa nizitie tu kwenye fremu, pembe moja mvua, pembe ya pili siafu, mradi zimeenea. Kandili zilitoka haraka na mama wa Kidachi aliacha kuja. Mzee hakulisema tena lile neno lake. Mteja akisema mnaokota wapi, aliendelea kugonga.

Miezi sita ilipokwisha nilisimama nje ya boma tangu alfajiri na nguo mpya ya mjomba mkononi. Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Nilipopata habari alikuwa ameshavuka Bigwa. Hakupita kibandani. Nikaipeleka ile nguo kwa mama, mama akairudisha, akasema kaka yake hataki.

Hapo sikukaa tena mahali. Nilifanya kazi wiki, nikaenda Kilosa kwa reli kwa binamu, nikarudi, nikaenda misheni kukaa, masista wakanichoka. Usiku nilikuwa nikihesabu mkono wangu ulivyokwenda: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilitamani niukate. Kuna siku niliutia karibu na chuma cha kulehemu, bi mkubwa akaniona, akanipiga kofi la kwanza na la mwisho. Mara nyingi nilianza njia ya milimani, na mara zote niligeuka Kiroka. Mtu ambaye sikuwahi kuogopa mume wala Mdachi niliogopa kizingiti cha mjomba.

Vita ikaja, ya Wadachi na Waingereza. Kwanza yakakosekana mafuta ya taa, na mafuta yasipokuja hata madebe hayaji. Bati likaisha. Shaba askari walikuja kuichukua. Wasimamizi wa machimbo waliitwa jeshini, walinzi wakachukuliwa kuwa wapagazi, lundo likabaki peke yake bondeni. Mzee aliugua kifua, akafa kwa utulivu, mkewe akarudi kwa watoto wake Bagamoyo. Aliniachia kisu changu, msumari wake, na vipande vya bati visivyotosha kikombe. Karakana ikaisha hivyo, bila mtu kuifunga. Mlango ulibaki wazi mpaka majirani walipouchukua kuni.

Nilikuwa bado nalala mle ndani. Siku moja mwanamke wa Mkuyuni aliyekuja na ndizi alisimama mlangoni, akauliza kama mimi ndiye yule. Nikamwambia yule nani. Akatoa kichwani chini ya mkungu kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nikafungua. Kilikuwa kitabu cha ulanga, unene wa vidole viwili, hakijaguswa na kisu.

"Mjomba wako kasema nikuambie," akasema, "hiki hakukiokota."

Nikamwuliza alisemaje, alicheka au alinuna. Akasema alisema hivyo tu na kurudi ndani. Nikamrudisha mara tatu aseme tena, mpaka akakasirika akaenda zake na ndizi zake. Sikujua kama nimesamehewa au nimechomwa moyo. Hakukiokota. Alikuwa ananikumbusha ulimi wangu? Nilikizunguka kile kitabu siku mbili. Siku ya tatu nikakitia kisu.

Haki ya Mungu sijawahi kukutana na kitabu kama kile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mvua. Wa pili mvua ile ile, imesogea kidogo. Wa tatu, wa nne, mpaka wa sita, mistari inashuka, inasogea, kama mvua inayovuka mlima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na cha kuchagua. Kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa na mtu aliyefungua mamia ukingoni na kuyafunga tena, mpaka alipokipata hicho. Nilitengeneza kandili kwa mabati yale yaliyobaki, nikaunga, nikatoboa kofia kwa msumari wa bi mkubwa, vibaya, tundu zimepinda. Nikasaga mbegu za mbarika nipate mafuta. Kisha nikaenda, na Kiroka sikugeuka.

Mjomba alikuwa ndani. Nyumba za kwetu wakati ule hazikuwa na dirisha, hata mchana mtu aliingia akipapasa. Nilibisha hodi, nikapiga goti pale kizingitini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Ameitikia. Akasema niingie. Nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria miaka yote ile: ndani mwake hamkuwa na kandili hata moja. Yeye ndiye aliyeanza, yeye ndiye aliyebeba, mji mzima ulikuwa unawaka kwa mgongo wake, na alikuwa anakaa kwa mwanga wa jiko. Nikaiwasha ile niliyokuja nayo, nikaitundika kwenye boriti. Mvua ikaanza kushuka ukutani kote. Akaitazama mpaka nikaogopa.

Nilianza kusema. Nilikuwa na maneno ya miaka, nilitembea mle ndani huku na huku nikisema, mkono huu, mjomba, mkono huu uliokuponza, ulimi huu. Nilimwambia kila usiku nazihesabu fimbo zile. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Fimbo zilipona," akasema. "Wewe ulisema kweli, mkono wako ukasema kweli mbele ya Mdachi. Mimi ndiye niliyesema takataka. Miaka yote ile nilikuwa nachagua, mwanangu, naacha mia nachukua mmoja, kisha nikasimama pale nikaiita kazi yangu takataka ili nipone, na sikupona. Nilikuwa nakuonea haya. Ndiyo maana sikukuitikia."

Nililia kwa sauti, sikujali jirani. Yeye hakulia. Alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake.

"Sasa kaa," akasema.

Nikakaa.